Jasumati, Aliyeishiwa na Vya Kuacha

Jasumati alipoolewa mtaani kwetu alikuwa tayari hali viazi, vitunguu, karoti wala chochote kinachochimbwa ardhini. Hilo hakuna aliyelihesabu kuwa sifa yake. Ni dini ya ukoo mzima, na sisi wote wa mtaa wa Lakha Sheth, katika mji mkongwe wa Ahmedabad, tumezaliwa vitu hivyo vikiwa vimeshaachwa kwa niaba yetu. Kuacha kitu usichowahi kukionja kuna thawabu ndogo sana. Jasumati alitaka kuacha vyake mwenyewe.

Nadhiri kwetu ni jambo jepesi kueleweka. Unasimama hekaluni mbele ya sanamu ya Bwana Parshwa, mwalimu mkuu wa dini yetu, unaahidi kwamba kitu fulani unachokipenda hakitapita midomoni mwako mpaka jambo fulani litimie. Likitimia, unakirudia. Lisipotimia, ndiyo basi tena. Watu wenye busara huweka nadhiri juu ya mambo yanayoelekea kutimia. Yupo mzee mmoja hapa aliyeacha ndizi mpaka mvua inyeshe, na nadhiri hiyo aliiweka mwezi wa sita, mawingu yakiwa juu ya paa lake.

Jasumati hakuwa mtu wa mawingu. Mara ya kwanza aliacha sukari guru mpaka homa ya mwanawe Bipin ishuke. Homa ikashuka, akala guru, na ushindi huo ukampotosha kwa maisha yake yote. Aliacha embe mpaka mtaro wa maji machafu mbele ya mlango wake utengenezwe, na mtaro ule hata leo ukipita unashika pua. Aliacha chai mpaka kesi ya ukuta wa nyuma iishe. Mahakimu wamestaafu, mawakili wamekufa, ukuta wenyewe umeanguka, kesi ingali inaendelea. Aliacha samli mpaka mumewe na kaka wa mumewe wasemezane. Wakafa wote wawili wamenuniana, na samli ikawa imechomwa pamoja nao.

Vilivyosalia alivichukua daktari. Majira ya baridi ya mwaka juzi, siku ya sikukuu ya kurusha tiara, Jasumati alipanda juu ya paa kuwazomea vijana wa jirani waliokatwa nyuzi za tiara zao, akahisi kama mtu amemkalia kifuani. Hospitali wakampitishia kijiwaya chenye matundu kwenye mshipa wa moyo, wakamrudisha nyumbani na vidonge vinne vya kila asubuhi. Daktari Vakharia akampiga marufuku chumvi, achari na vitu vya kukaanga. Hilo lilimuuma kuliko waya. Bwana Parshwa ukimwachia kitu anakuandikia thawabu. Daktari anachukua kavukavu.

Lakini vidonge alivipokea kwa heshima zote. Alivitia kwenye kopo la viungo, lile la duara lenye vikombe vidogo ndani, akavipanga pale palipokuwa na bizari na pilipili. Mgeni akija alifunuliwa kopo kabla hajapewa maji. Na mgeni aliyekuja zaidi alikuwa wifi yake, Sharmistha, dada wa marehemu mumewe, anayekaa nyumba ya tatu kutoka hapo na mwenye presha yake mwenyewe.

"Hiki cha rangi ya waridi ndicho kinachozuia damu isigande kwenye waya," Jasumati alikuwa akisema. "Daktari kasema hiki nisikikose hata siku moja."

"Na mimi ninacho cha waridi," Sharmistha alikuwa akijibu, akisukuma bembea ya sebuleni kwa kidole cha mguu. "Changu kina mstari katikati."

"Mstari ni wa kukatia nusu, wifi. Wewe unapewa nusu. Mimi napewa kizima."

Mtaani kwetu mtu asiye na daktari wa moyo huonewa huruma kidogo, kama asiye na ndugu ng'ambo.

Mambo yangeendelea hivyo kwa amani kama si Maulik. Maulik ni mjukuu, mtoto pekee wa Bipin na mkewe Ketki, kijana wa miaka ishirini na saba aliyekuwa anasomea uhasibu wa juu. Mtihani wa mwisho wa uhasibu ule ni kitu ambacho nchi nzima inakiogopa. Watu huufanya wakiwa na nywele, wakaufaulu wakiwa na upara. Maulik alikuwa ameshaanguka mara tatu. Hakuwa mjinga. Alikuwa na akili nzuri aliyoitunza vizuri, asiichoshe.

Aliposajiliwa kwa mara ya nne, Jasumati alikwenda hekaluni asubuhi, akaoga, akavaa sari nyeupe ya ibada, akasimama mbele ya sanamu kuweka nadhiri. Ndipo akagundua kwamba hana kitu. Alipekua maisha yake yote kama mtu anayepekua mfuko wakati kondakta amesimama mbele yake. Embe, hana. Chai, hana. Samli, hana. Chumvi iko kwa daktari. Alikuwa amebakiwa na chapati kavu, choroko na maji yaliyochemshwa, na hayo ukiyaacha hiyo si nadhiri tena, ni safari ya mwisho.

Nyuma yake mstari wa watu ulikuwa unakohoa. Akasema kile kilichomjia kwanza: mpaka Maulik apasi, yeye Jasumati hatatia kidonge mdomoni.

Alirudi nyumbani mwepesi na mwenye furaha, na hakumwambia mtu.

Sasa, Jasumati hasemi uongo. Hilo nalo ni la dini, na yeye analishika. Lakini mtu asiyesema uongo kwa miaka sitini hujifunza kuusogeza ukweli pembeni, kama fenicha.

"Mama, umeshakunywa dawa?" mkaza mwanawe Ketki alimuuliza asubuhi.

"Ningesahau vipi mimi vidonge vyangu?" Na kweli, hakuwa amevisahau. Alikuwa akiviwaza mchana kutwa.

Miezi miwili ilipita hivyo. Kopo lilikuwa halifunuliwi tena kwa wageni, na Sharmistha alikuwa wa kwanza kuliona hilo, ila alidhani wifi yake amepunguziwa dozi na anaona haya. Akawa anatembea mtaani kifua mbele.

Siku ya kwenda kupimwa, Daktari Vakharia alimfunga kitambaa cha presha mkononi, akasoma, akafungua, akafunga tena upya. Huyu daktari ni mtoto wa mitaa yetu hii hii. Bibi yake alikuwa akiuza nafaka za njiwa.

"Mama, presha imepanda sana. Dawa unakunywa?"

"Dawa zipo, daktari."

"Zipo wapi?"

"Nyumbani. Nimezitunza vizuri mno."

"Zimekuishia?"

"Ziishe vipi! Zimejaa tele."

Ketki, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba magotini, aligeuka taratibu. Ni mwanamke mpole, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, na waalimu wa hesabu hawapendi kusikia kwamba kitu kinachotumika kila siku hakipungui.

"Mama," akasema. "Kidonge. Mdomoni. Leo. Kimeingia au hakikuingia?"

Jasumati aliitazama picha ya moyo ukutani. "Nina nadhiri," akasema.

Daktari aliweka kalamu chini. Alieleza kwa upole kwamba ule waya ni kitu kigeni ndani ya mwili, kwamba damu ikipata nafasi hugandia pale, kwamba cha waridi ndicho kinachoizuia, na kwamba mshipa ukiziba hakutakuwa na muda hata wa kumwita mtu wa ghorofa ya chini. Kisha akauliza nadhiri yenyewe inakwisha lini.

"Maulik akipasi uhasibu."

Daktari mwenyewe ana kaka aliyefanya mtihani ule miaka tisa. "Mama," akasema, "weka nadhiri na kitu kingine. Nakuomba kama mwanao."

"Sina kingine. Vingine umevichukua wewe."

Nyumbani kikakaa kikao. Bipin, ambaye anauza vitambaa vya sari na hajawahi kubishana na mwanamke yeyote ndani au nje ya duka, alilia kidogo kisha akaenda dukani. Ketki alifikiria kusaga vidonge na kuvitia kwenye choroko. Alifika hata kuchukua kinu. Lakini kumvunjisha mtu nadhiri bila yeye kujua, dhambi inamrudia mpishi, tena mara mbili, na Ketki alikuwa na mizigo yake ya kutosha. Akarudisha kinu.

Maulik alipoambiwa alibadilika rangi. Alikimbilia kwa bibi yake, aliyekuwa kwenye bembea akitoa mawe kwenye choroko.

"Bibi, unaniua!"

"Anayekufa ni mimi. Wewe unauawa wapi?"

"Nikianguka tena je?"

"Usianguke."

"Watu elfu na elfu wanaanguka, bibi!"

"Hao bibi zao wanakula embe," alisema Jasumati, akatupa jiwe dirishani.

Basi Maulik akasoma. Alisoma kama mtu aliyefungiwa na chui. Hakulala, hakunyoa, na usiku mama yake alimsikia akiomboleza kodi za forodha. Lakini mtihani ulikuwa bado wiki kadhaa, na majibu hutoka miezi miwili baada ya mtihani, na moyo wa bibi yake haukuwa umesajiliwa kwa kalenda hiyo. Asubuhi moja, kwenye ngazi za hekalu ambazo hupanda kila siku huku akiwasema walio mbele yake kwa uzembe, Jasumati alisimama katikati. Akajishika kifuani. Akakaa chini, kwenye jiwe, yeye ambaye hakai ovyo, na muuza maua akamletea maji kabla hajayaomba. Alisema ni jua. Ilikuwa alfajiri, jua halijatoka.

Habari zilimfikia Ketki kabla Jasumati hajafika mlangoni. Ketki alivaa viatu, akaenda nyumba ya tatu, akabisha.

"Shangazi," alimwambia Sharmistha, "mimi nimeshindwa. Baba Maulik ameshindwa. Daktari ameshindwa. Yupo mtu mmoja tu duniani ambaye mama hawezi kumwacha aseme neno la mwisho."

Sharmistha alimaliza kuzungusha shanga zake za sala, akajitazama kwenye kioo, akatoka.

Alimkuta Jasumati amelala kwenye mkeka, uso umekuwa wa majivu. Hakumpa pole. Aliketi kwenye bembea bila kukaribishwa, akaanza kujisukuma.

"Nimesikia una nadhiri, wifi."

"Ketki ana mdomo."

"Hongera. Umeacha nini?"

"Unajua nilichoacha."

"Nataka kukisikia kwako. Mimi mjinga, sikusoma."

"Vidonge."

"Ahaa. Unavipenda sana vidonge?"

Jasumati alijiinua kwa kiwiko. "Swali gani hilo?"

"Swali la dini. Nadhiri si ni kuacha unachokipenda? Mimi nilipoacha pipi za ufuta kwa ajili ya goti la marehemu mume wangu, nilikuwa naziota. Naamka mate yamelowesha mto. Sasa wewe unaviota vidonge?"

"Vina faida..."

"Sikuuliza faida. Mafuta ya mnyonyo yana faida. Vitamu?"

Jasumati hasemi uongo. Alitafuta pa kuusogezea ukweli, lakini chumba kilikuwa kidogo na wifi yake alikuwa amekaa katikati. "Vichungu," akasema. "Kile cha waridi kina ladha ya chokaa ya ukutani. Kikikwama kooni unakisikia mpaka adhuhuri."

"Basi." Sharmistha aliisimamisha bembea kwa mguu. "Umekwenda mbele ya Bwana Parshwa, umeoga, umevaa nyeupe, ukampa kitu usichokitaka. Wifi, mtu akileta ndizi iliyooza hekaluni tunamfukuza. Wewe umeleta chokaa. Na unangoja mtoto apasi kwa chokaa!"

Ketki, mlangoni, alishika mdomo wake kwa upindo wa sari.

Jasumati aliketi wima. Rangi ikamrudia usoni, na si kwa afya. Katika maisha yake alikuwa ameitwa mkali, mbishi, bahili wa sabuni. Hajawahi kuitwa mdanganyifu wa Mungu, tena na mtu anayetumia vidonge vya nusu.

"Sikudanganya. Nilikuwa nimeishiwa."

"Mwenye duka akiishiwa sukari anakupa mchanga?"

"Toka nyumbani kwangu!"

"Nyumba ya kaka yangu. Natoka. Lakini leo nitapita hekaluni, na mimi nitaweka nadhiri ya Maulik, kwa kitu ninachokipenda kweli. Nitaacha chai. Akipasi, mtaa mzima utajua kapasi kwa chai ya nani."

Akaondoka bila haraka, na mkufu wake wa shanga ukasikika mpaka chini ya ngazi.

Jasumati alibaki ameikodolea macho bembea tupu mpaka Ketki akaingia kumtazama kama anapumua. Alikuwa anapumua. Alikuwa anawaza, na ukiwafahamu watu wa ukoo ule utajua kwamba kwao mambo hayo mawili yanatumia nguvu moja.

"Ketki."

"Naam, mama."

"Yule mwanamke ni nyoka."

"Ndiyo, mama."

"Lakini nadhiri ya chokaa si nadhiri. Hapo kasema kweli. Lete kopo."

Alivimeza vyote vinne pale pale, kimoja kimoja, uso umekunjamana, kwa maji ya moto. Alipomeza cha waridi alisema wazi, ili asikike huko juu, kwamba kina ladha mbaya na kwamba hajawahi kukipenda. Kisha akaomba sari nyeupe.

Ketki alimsindikiza, akimshika mkono kwenye ngazi. Walipanda polepole, wakipumzika. Njiani Jasumati alikuwa akijihoji kwa sauti. Alihitaji kitu anachokipenda kweli, ambacho akikikosa atakiota, ambacho daktari hajakigusa wala mahakama haijakishikilia. Bembea? Bembea ni ya kupumzisha mgongo tu. Nyimbo za asubuhi? Hizo ni ibada. Huwezi kumlipa mtu kwa pesa yake. Mjukuu mwenyewe? Huyo ndiye anayeombewa.

Ndani ya hekalu walimkuta Sharmistha ameshasimama mbele, macho amefumba, sari yake ya manjano inang'aa kuliko sanamu. Jasumati alimtazama kuanzia kisigino mpaka kisogo. Alifungua mdomo amnong'oneze Ketki neno kuhusu manjano ile na umri wa mwenye kuivaa. Na neno likiwa limeshafika kwenye meno, akalihisi: tamu, la moto, kama guru inayochemka.

Akafunga mdomo. Machozi yakamlengalenga.

"Ee Bwana," akasema, kwa sauti iliyowafanya watu wafumbue macho, "mpaka Maulik apasi, mimi Jasumati sitamsema wifi yangu Sharmistha. Si usoni, si mgongoni. Si nguo zake, si mapishi yake, si marehemu mumewe."

Hekalu zima likamtazama Sharmistha. Hata njiwa.

Sharmistha aligeuka. "Na dawa?"

"Nimekunywa."

"Zote?"

"Zote."

"Na sari yangu hii unaionaje?"

Jasumati aliubana mkono wa Ketki. "Ni ya manjano," akasema.

Tangu siku ile anakunywa vidonge kila asubuhi. Anavinywa mbele ya mlango ulio wazi, ili ijulikane kwamba hana uhusiano wowote wa mapenzi navyo. Presha imeshuka. Daktari Vakharia anaamini ni dawa. Mtaa una maoni tofauti: unasema ni mara ya kwanza tangu aolewe damu ya Jasumati kupata nafasi ya kupoa.

Maulik alifanya mtihani. Alifaulu nusu yake, jambo ambalo kwa uhasibu ule ni kama kuvuka mto mpaka katikati. Ile nusu nyingine imebidi airudie, na nadhiri haina nusu. Tulidhani bibi yake ndiye atakayevunjika. Kumbe aliyeanza kudhoofika ni Sharmistha. Alivaa manjano, kisha kijani, kisha zambarau yenye vioo. Akapita mlangoni mara nne kwa siku. Kimya. Alileta choroko alizoziunguza makusudi. Jasumati akala, akashukuru. Watu walimsikia Sharmistha akimlalamikia muuza mboga kwamba nyumba ya kaka yake imekuwa kama wodi ya hospitali, mtu anaingia na kutoka bila kuambiwa chochote, kana kwamba hayupo. Tena na chai yake ameiacha bure.

Sasa anakuja kila asubuhi na bakuli la lozi zilizolowekwa, za kuzidisha akili, anasimama juu ya kichwa cha Maulik mpaka azimalize.

"Kula, mwanangu. Kula usome. Pasi upesi, bibi yako nakuomba."

Jana lozi zilikuwa za zamani. Baadhi zilikuwa na vitundu, na kwenye kimoja kitu kilijongea. Jasumati aliinama, akatazama ndani ya bakuli. Akamtazama wifi yake. Sharmistha akashika kiuno, akangoja, macho yanamng'aa kwa matumaini. Ketki akafunga bomba la maji ili asipitwe na neno. Jasumati alivuta pumzi ndefu, akafungua mdomo wote mpaka tukaona jino la dhahabu, akatia ndani kidonge cha waridi, akanywa maji juu yake, akafunga.